Shali Iliyorudi Kwenye Maji Moto

Mwanamke aliingia dukani akiwa bado amevaa sare za hospitali chini ya koti. Akatazama nyuma kama mtu anayefuatwa, kisha akaweka mfuko wa plastiki kwenye meza yangu.

"Unaweza kuivuta irudi ilivyokuwa?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kitu kinene, kigumu kidogo, rangi ya majivu, kikubwa kama taulo la jikoni. Nilikikunjua. Mara moja nilijua kilichotokea. Sisi mafundi wa nguo tunasema kitambaa kimerudi, yaani kimeingia majini kikatoka kidogo kuliko kilivyoingia. Hiki kilikuwa kimerudi zaidi ya nusu. Sufu ilikuwa imepikwa kwenye maji moto, halafu ikamaliziwa kwenye mashine ya kukaushia, mpaka nyuzi zikashikana kama nywele zilizosokotwa na mvua.

Lakini kwenye ncha zote mbili kulikuwa na michirizi ya mapambo ambayo hata baada ya mateso yale ilikuwa bado inang'aa. Vipembe vya waridi, ngazi ndogondogo za kijani, almasi za manjano zenye kitone cheusi katikati, kila safu imepakana na nyingine bila kuigusa. Niligeuza upande wa nyuma nikitafuta mafundo ya sindano, maana nilidhani ni tarizi. Hayakuwepo. Mapambo yalikuwa yamefumwa pamoja na kitambaa chenyewe, uzi kwa uzi. Nilikuwa nimeshona tangu nilipomaliza chuo cha ufundi Morogoro na sikuwahi kuona kazi ile.

"Ni ya mama mkwe wangu," yule mwanamke alisema. "Mtoto wangu aliichomoa begini mwa bibi yake, akaimwagia maziwa. Nilikuwa natoka shifti, nimechoka, nikaitupia kwenye mashine pamoja na mataulo. Sikufikiri."

"Yeye anajua?"

"Hajui. Anadhani iko kwenye begi lake."

Nilimwambia ukweli. Sufu ikishapikwa hivyo hairefuki tena. Ukiivuta itachanika kabla haijakubali. Alisikiliza huku akitikisa kichwa polepole, halafu machozi yakamtoka bila sauti. Bosi wangu, mama wa Kihmong kutoka milima ya Laos, asiyependa maneno mengi, akamletea karatasi za kufutia uso na kurudi kwenye pasi yake. Mwanamke akaniomba niitunze, kwa sababu hakuweza kurudi nayo nyumbani. Nikaiweka kwenye droo ya zipu.

Duka letu lilikuwa Roseville, hapa Minnesota, Marekani, jirani na maduka makubwa. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kufupisha suruali na kubadilisha zipu za makoti ya baridi, na sikuwa naidharau, lakini haikuwa kazi ya kukufanya ufikirie jambo ukiwa kitandani. Ile shali ilinifanya nifikirie. Mara kwa mara, duka likiwa tupu, nilifungua droo na kuitazama.

Wiki chache baadaye yule mwanamke alirudi, safari hii na mama mkwe mwenyewe. Mama alikuwa mfupi, mwembamba, nywele nyeupe amezifunga nyuma, na amevaa koti jipya ambalo mikono yake ilimfunika mpaka kwenye kucha. Alikuja kufupishiwa mikono. Mkwe wake alinitazama kwa macho ya kunisihi, nami nikaelewa. Nikampandisha mama kwenye kile kijukwaa cha kupimia, nikamwambia anyooshe mikono, nikaanza kupachika pini.

Simu yangu ikalia. Alikuwa dada yangu wa Morogoro, na yeye ukimkatia simu bila kusema neno atakununia mwezi mzima. Nikaipokea haraka.

"Nitakupigia baadaye," nilimwambia. "Nina mteja hapa, bibi mmoja wa Kihindi, nampima koti."

Mama akashusha mikono.

"Huyo mteja anasikia," akasema kwa Kiswahili.

Pini zikaniponyoka. Nikainua uso kumtazama, na kinywa changu kikatamka kabla akili haijafika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu papo hapo, kama mtu aliyeamkiwa jana na juzi. "Wewe mtu wa wapi?"

"Morogoro."

"Mimi Tabora."

Mkwe wake alibaki mdomo wazi. Alijua kwamba mama mkwe wake alizaliwa Afrika, lakini hakuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la huko. Na mama mwenyewe alikuwa ameshika kifua, macho yanacheka, akitafuta neno linalofuata. Baba yake alikuwa na duka la nguo karibu na stesheni ya Tabora, akaniambia. Alikulia hapo, akacheza hapo, mpaka alipoozwa kwa mwanamume wa Kachi, kule magharibi mwa India walikotoka babu zake. Akapanda gari moshi mpaka pwani, kisha meli. Tangu siku ile hakupata mtu wa kuongea naye Kiswahili.

"Kiswahili changu kimelala usingizi mrefu," alisema. "Sasa kimeamshwa, kina njaa. Utakuja nyumbani? Jumatatu hawa wote wako kazini. Mimi nakaa na televisheni tu, na televisheni hainijibu."

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikasema nitakuja.

Walikuwa wanakaa Maple Grove, kwenye mtaa wa nyumba mpya zinazofanana kama pacha, na theluji ikiwa imefunika namba nilipita njia yao mara mbili bila kujua. Mama alikuwa ananingoja mlangoni, soksi nene ndani ya ndala. Alinipikia chai ya maziwa na tangawizi, na chapati nyembamba zilizokandwa na majani ya uwatu. Tulikula na kuongea. Alikuwa na maneno ambayo mimi niliyasikia kwa bibi yangu tu. Gari kwake lilikuwa motokaa. Hospitali aliyofanyia kazi mkwe wake ilikuwa "spitali". Neno likimpotea alifumba macho na kupiga paja lake kidogo, na mara nyingi lilikuja.

Baada ya chai akaenda chumbani, akarudi anaburuta begi kubwa.

"Wewe fundi," alisema. "Hawa wa humu ndani nikiwaonyesha wanasema nzuri, nzuri, halafu wanashika simu. Wewe utaona."

Marehemu mume wake alikuwa akiuza rangi za kutilia sufu. Maisha yake yote alizunguka India na mikebe ya rangi, akiingia kwa wafumaji wa milimani na wa jangwani, na kila alipoona shali iliyomshinda kuiacha aliinunua. Zilizobaki ndizo hizo, kila moja imefungwa ndani ya kipande cha sari kuukuu, pamoja na vifuko vya karafuu vya kufukuza nondo.

Alianza na ya kwao Kachi. Ilikuwa nzito, rangi nyeusi inayoelekea ugoro, na mapambo meupe, ya damu ya mzee na ya manjano yametawanywa kwa kiasi, kama mtu aliyejua wakati wa kunyamaza. Sufu yake ilitoka kwa wafugaji wa kondoo wanaohamahama, wakaipeleka kwa mfumaji kijijini. Mfumaji hukaa ukingoni mwa shimo, kitanda cha kufumia kiko mbele yake usawa wa ardhi, na miguu yake iko shimoni ikikanyaga mbao. Mke wake ndiye anayetandaza nyuzi ndefu njiani nje ya nyumba na kuzipaka uji wa ngano ili ziwe imara.

"Kitanda kilikuwa chembamba," alisema, "kwa hiyo walifuma vipande viwili wakaviunga. Tafuta mshono."

Niliipitisha shali mikononi kutoka ncha mpaka ncha. Sikuuona. Niliona mstari mmoja tu uliopita katikati, wa nyuzi za rangi zilizopishana kama miiba ya samaki, nikadhani ni pambo. Kisha nikainamia karibu zaidi. Ndio ulikuwa mshono wenyewe. Mtu alikuwa na kazi ya kuunganisha vipande viwili, jambo ambalo mimi ningelificha upande wa ndani, naye akaamua kuuweka hadharani na kuufanya mzuri kuliko vyote. Nilikaa nao mapajani kwa muda. Mama hakuniharakisha.

Ya pili ilitoka Kashmiri, na hiyo niliogopa kuishika, vidole vyangu vimekwaruzwa na sindano. Alinirushia mapajani. Nilijua kuna kitu pale kwa sababu ya joto lake, maana uzito haukuwepo. Ni manyoya ya chini ya mbuzi wa milima ya juu kabisa, alisema, yale ambayo mbuzi anajifunikia yeye mwenyewe ndani ya manyoya mengine. Maua yake yalizunguka ukingo wote, na majani yaliyopinda ncha kama tone linalotaka kuanguka. Nayo hayakutariziwa. Mfumaji anakuwa na vijiti vidogo vingi, kila kimoja kimeviringishiwa uzi wa rangi yake, na mwenzake anamsomea kwa sauti: rangi hii nyuzi mbili, rangi ile nyuzi nne. Siku nzima wanaweza kupata upana wa ukucha. Kwenye kona moja nondo alikuwa ametoboa tundu, na mama alilifunika kwa kidole gumba wakati wote alipokuwa anaongea.

Ya tatu ilikuwa nyekundu na nyeusi, kali, kama inakuita kutoka ng'ambo ya barabara. Ilitoka kwa Wanaga, mbali huko mashariki mwa India. Huko wafumaji ni wanawake, wanakaa chini, kitanda chao kimefungwa kiunoni kwa mkanda, na mwili wao ndio unaokaza nyuzi. Wanafuma vipande vitatu kisha wanavishona pamoja.

"Mume wangu alirudi kutoka huko amenuna," mama alisema akicheka. "Alitaka nyingine, yenye wanyama. Wakamkatalia. Wakamuuliza, wewe umeua mnyama gani? Ulilisha kijiji kizima lini? Si kila mtu anavaa kila shali kule. Akaletewa hii, ya mtu asiyefanya kitu."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Bado moja," akasema, na akaingiza mkono begini. Akapapasa. Akatoa kipande cha sari kilichokunjwa, kitupu. "Ya Kullu, milimani kaskazini. Hii haikuletwa. Hii tulinunua pamoja."

Nikaikumbuka droo yangu ya zipu.

Aliendelea kusimulia huku akipekua. Walikuwa wameoana miaka mingi, na siku zote mume anasafiri yeye anabaki. Safari moja akamwambia, haya, twende wote. Huko Kullu ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Waliinunua kwa mwanamke aliyekuwa ameianika dirishani, shali ya rangi ya majivu ya kondoo mwenyewe, haikutiwa rangi kabisa isipokuwa kwenye ncha, na huko kwenye ncha rangi zote za mume wake zilikuwepo. Mume alizitambua moja moja kama watoto wake. Baridi ilikuwa kali siku ile, wakajifunika pamoja.

"Ilitutosha wawili," alisema. "Labda nimeiacha kabatini. Nitaitafuta. Ukija tena utaiona."

Nilirudi nyumbani na ladha mbaya mdomoni. Jioni ile nikampigia mkwe wake. "Mwambie," nilisema. "Anaitafuta."

Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu niliyemfahamu kwa zipu na pini tu. Yeye alikuwa wa kusini mwa India, mume wake wa magharibi. Mama alizungumza Kikachi, yeye Kitelugu na Kiingereza, na kati yao kulikuwa na Kihindi kidogo cha kuungaunga. Mume alikuwa safarini kila mara kwa kazi zake za kompyuta. "Mimi na mama tunaheshimiana," alisema. "Tunakula wali mmoja na tunampenda mtoto mmoja. Zaidi ya hapo hatuna kitu. Nikimwambia, hata hicho kidogo kitaisha." Aliahidi kumwambia mwisho wa wiki.

Jumatatu iliyofuata nilikuta motokaa yake, kama mama angesema, imeegeshwa nje. Hakwenda kazini. Ndani, nguo zilikuwa zimetolewa kwenye makabati yote na kutandazwa kwenye makochi, na mama alikuwa amekaa katikati yake, amechoka. Nilimtazama yule mkwe nikajua hajasema.

Mama alinigeukia mimi. "Nimezeeka, mwanangu," alisema. "Nimeanza kupoteza vitu. Dada yangu alianza hivyohivyo. Alianza na funguo, mwisho hakutujua."

"Amesema nini?" mkwe wake akauliza.

Nilimtafsiria neno kwa neno. Sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini kwenye zulia mbele ya magoti ya mama mkwe wake, akamweleza yote kwa kile Kihindi chake cha kuungaunga, na pale kilipomwishia akamalizia kwa mikono, akionyesha maziwa yanavyomwagika, mashine inavyozunguka, na shali inavyokuwa ndogo, ndogo, ndogo.

Mama akauliza swali moja fupi, na mkwe akaninyooshea kidole.

"Iko kwako?" mama aliniuliza.

"Iko dukani, mama."

"Ulijua? Juma lililopita, ulipokuwa unakula chapati zangu?"

"Nilijua."

"Vizuri," alisema. "Kailete."

Niliendesha mpaka Roseville na kurudi huku theluji nyepesi ikianguka, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kusema. Sikuyatumia. Nilipofika mama alikuwa amekaa palepale, na mkwe wake amesimama mlango wa jikoni kama mgeni ndani ya nyumba yake. Mama aliipokea shali, akainusa, akakunja uso kwa ile harufu ya sabuni. Akaipima kwa shubiri. Akaitandaza mapajani mwake, ikamfunika goti moja.

Kisha akaishika kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu, akaiinua mbele ya dirisha. Mwanga haukupita hata kidogo.

"Kule milimani," alisema kwa Kiswahili, taratibu, "wachungaji wanafanya hivi makusudi. Wanatia kitambaa kwenye maji moto wanakikanyaga kwa miguu, wanaume wazima, wanaimba. Kinakuwa kinene, upepo hauingii, mvua haiingii. Nimewaona kwa macho yangu." Akaishusha. "Lakini hawafanyi kwa shali kama hii. Hakuna mwehu kiasi hicho."

Akaanza kucheka. Nilimtafsiria mkwe wake, naye akacheka kwa woga, na kicheko cha mama kikageuka kilio katikati bila kupumzika. Mkwe akamfuata, akamkumbatia. Mimi nikaenda jikoni kwao kutengeneza chai, nikifungua kabati moja baada ya jingine kutafuta sukari, na nilitafuta kwa makusudi bila haraka.

Nilishauri tuikate iwe kizibao cha mjukuu. Mama alikataa mkasi kabisa. Kitu kilichotoka kwenye kitanda cha kufumia kikiwa kizima kisikatwe, alisema, hata kama kimeharibika. Kwa hiyo niliitia bitana laini ya pamba na vifungo vitatu vya mbao kwenye ukingo, akawa anajifunga kifuani na shingoni chini ya koti. Siku ya kwanza alitoka nayo kwenda kwenye sanduku la barua mwisho wa njia yao, kwenye ile baridi ya Minnesota inayokata pua. Akarudi. Akatoka tena, wakati barua alikuwa ameshazichukua.

Baada ya hapo Jumatatu zilibadilika. Mkwe wake alipanga zamu zake upya ili baadhi ya Jumatatu awepo, na alikuja kukaa nasi akiwa na kiu ya kujua. Mama alikuwa anamfumba macho kwa kitambaa na kumwekea shali mkononi. Hii ya wapi? Mwanzoni alikosea zote. Kufikia mwisho wa baridi alikuwa anaitambua ya Kachi kwa ukwaruzo wake, ya Wanaga kwa ile mishono miwili, na ya Kashmiri kwa kuishusha kwenye shavu tu. Mimi nilikuwa natafsiri, na mara nyingine nikasahau nani anaelewa lugha gani, nikamwambia mkwe kwa Kiswahili na mama kwa Kiingereza, na mambo yakaenda tu.

Tundu la nondo nililifanyia kazi mimi. Sikutaka, niliogopa, lakini mama alisisitiza. Tulichomoa nyuzi kwenye matamvua ya shali yenyewe ili rangi iwe ileile. Bosi wangu, ambaye mama yake alimfundisha kutarizi kwa mishono isiyoonekana, aliniazima kioo chake cha kukuzia na sindano nyembamba ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Alinionyesha jinsi ya kukaza pumzi wakati sindano inapita. Kutililia kitambaa kile kulikuwa tofauti na kutililia soksi. Ilibidi nifuate kila uzi ulikotoka na kuupeleka ulikokuwa unakwenda, juu ya miwili, chini ya miwili, na kitambaa chembamba kiasi kwamba nikipiga chafya kinaruka. Kila nilipodhani nimemaliza, mama alivaa miwani akaichunguza.

"Bado naliona tundu," alisema.

Nikafumua, nikaanza upya. Siku moja aliishika muda mrefu kuliko kawaida, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga.

"Naliona," alisema, "lakini ni kwa sababu najua lilipo." Akaikunja, akaniwekea chapati nyingine kwenye sahani.

Masika yale kanisani kwetu Minneapolis akina mama tulikuwa na siku yetu, na tuliambiwa kila mmoja alete kazi ya mikono ya nyumbani kwao. Tulikuwa mchanganyiko: Watanzania, Wakenya wengi wa kazi za hospitali, na akina mama wa Kikongo waliofika miaka ya karibuni. Nilimwomba mama aje. Alikuja na mkwe wake na mjukuu, amevaa ile ya Kachi begani, na nyingine tukazitandaza juu ya meza ndefu ya ukumbini. Nilikuwa na wasiwasi watu wangepita tu. Hawakupita.

Muuguzi mmoja wa Kikenya aliinama juu ya ile ya Kashmiri. "Aki mum, hii ni ya ku-frame, si ya kuvaa!"

"Ni ya kuvaa," mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha Tabora, na ukumbi mzima ukageuka. "Ukiitundika ukutani nondo wataivaa wao."

Wakamzunguka. Wakamuuliza maswali kumi kwa pamoja, naye akajibu yote, anapiga paja maneno yakimpotea, na watu watano wanamrushia neno alilolitafuta. Mama mmoja wa Kikongo, aliyekuwa ameketi kimya tangu asubuhi, aliikamata ile ya Wanaga kwa ncha za vidole, akaifuata mistari yake.

"Iyi njo kazi," alisema. "Mutu aliikala chini, akaifanya na mugongo yake."

Mama alimtazama. Nadhani alipata nusu ya maneno, lakini aliivua shali ya Kachi begani mwake na kumvika yule mwanamke, akamgeuza mbele na nyuma ili sote tuone ilivyomkaa. Ilimkaa vizuri sana. Alipokuwa anairudisha aliikunja yeye mwenyewe, pembe kwa pembe, mara mbili, mpaka ikakubali.

Mama hakukaa Minnesota siku zote. Baada ya baridi nyingine mbili alisema magoti yake yanataka jua, akarudi Kachi kwa mdogo wa mume wake. Mkwe wake ndiye aliyempeleka, na akakaa huko kuliko alivyopanga. Alinitumia picha za mfumaji ameketi ukingoni mwa shimo lake, na yeye mwenyewe, muuguzi wa Maple Grove, amechuchumaa njiani akipaka nyuzi uji wa ngano na wanawake wawili wanamcheka.

Mimi nilijiandikisha kwenye darasa la kufuma hapa Minneapolis, siku ambazo zamani nilikuwa naendesha kwenda Maple Grove. Nilidhani kwa kuwa mimi fundi nitashika upesi. Kitanda cha kufumia kilininyenyekeza. Kushona unarekebisha baadaye, lakini kufuma kila kosa linabaki pale linakutazama. Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa skafu ya sufu, kijivu, na mistari miwili ya kijani kwenye ncha. Nilipomaliza nilimpigia mama kwa video.

Alivaa miwani. "Geuza nione nyuma," alisema kwanza. Nikageuza. "Ukingo unayumba."

"Najua, mama."

"Hapa katikati umekaza mno. Ulikuwa na hasira?"

"Nilikuwa na haraka."

"Hiyo hiyo." Akamwita mtu. Uso wa mwanamke mwingine ukaingia kwenye kioo cha simu, mke wa mfumaji wa jirani, mwenye pete puani. Wakaitazama skafu yangu vichwa vimegusana, wakizungumza Kikachi upesi upesi, wakinyoosha vidole.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anauliza sufu yako ni ya kondoo gani."

Sikujua. Nilikuwa nimeinunua tu dukani, imeviringishwa tayari. Nilipomwambia hivyo, mama akamtafsiria, na wote wawili wakashangaa kwa sauti moja. Kisha wakaniomba niisogeze karibu zaidi waone ile mistari ya kijani, nami nikaisogeza, nikaishika hapo mpaka mkono ukaanza kuchoka, wakati wao wakiendelea kubishana.